Gari inazima yenyewe njiani halafu inawaka tena: namna ya kumkamata mchawi kwenye Roadster ya zamani

Kuna gari mbovu na kuna gari yenye mchawi. Mbovu haiwaki, unaita fundi, anapima, anakuta kitu kimekufa, mnabadilisha mnaendelea na maisha. Yenye mchawi inakuzimia pale Kibamba saa nane mchana jua la utosi, unasukuma pembeni unaweka tawi la mti nyuma, unanunua maji unakaa robo saa, unageuza ufunguo inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, na ukiifikisha gereji inanguruma vizuri mpaka fundi anakuangalia wewe ndo mwenye tatizo.

Yangu ni Eunos Roadster ya 1991, ingini 1.6, gia ya mkono. Ulaya wanaiita MX-5, Marekani wanaiita Miata, ni kitu kile kile, Mazda waliionyesha mara ya kwanza Chicago mwaka 1989 na za kwetu huku ni zile za mtumba kutoka Japan ndo maana zina jina la Eunos na usukani kulia. Ntaandika kwa gari hii kwa sababu naijua mpaka chini ya kapeti, ila mwenye Celica ya zamani au MR2 au Subaru ya zamani asikimbie, majina ya pini yatabadilika lakini njia ya kufikiri ni ile ile.

Na njia yenyewe ni hii: gari inayozima na kuwaka huwezi kuipima ikiwa nzima. Ukiipima ikiwa nzima utakuta kila kitu kizima, sasa utanunua spea kwa kubahatisha kama mimi nilivyonunua pampu, nikanunua plagi, nikanunua na koili ya mtumba pale Gerezani, na gari ikaendelea kuzima na pampu yake mpya. Kazi yako yote ni kujiandaa ili siku inazima wewe uwe umeshaweka mitego, uone nani kafa wa kwanza.

Kwanza kabisa, daftari

Usicheke. Chukua kadaftari au notsi kwenye simu, kila ikizima andika: ilikuwa imetembea dakika ngapi, jua au mvua, mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tenki, ulikuwa unaongeza mwendo au umeachia au umesimama kwenye foleni, ulipita kwenye shimo au tuta, ilichukua muda gani kuwaka tena, na ilipowaka ilimisi au iliwaka safi.

Matukio manne matano yanatosha kuona mwelekeo. Ikizima ikiwa ya moto tu na kupona ikipoa, hapo fikiria vitu vya umeme vinavyochoka na joto, yaani ignaita (inayoiamuru koili itoe cheche), koili yenyewe, sensa ya kamshafti, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na pampu ya mafuta pia. Ikizima ukipita tuta, hiyo mara nyingi ni waya au ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) au swichi ya ufunguo, anza na hizo. Ikizima tenki likishuka chini ya robo hasa ukikata kona, pampu inavuta hewa au chujio la ndani ya tenki limejaa uchafu. Ikizima pale tu unapokanyaga klachi kusimama kwenye taa, huo ni ugonjwa wa sailensi, yaani ingini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, ni mwingine kabisa, una sehemu yake huko chini.

Sekunde kumi za kwanza

Hapa ndo penye utajiri na watu wengi wanapoteza kwa sababu ya kupaniki. Gari ikizima ikiwa kwenye mwendo, mguu wako utataka kukanyaga klachi. Kama barabara ni tupu na huna mtu nyuma, usikanyage, iache kwenye gia. Matairi yataendelea kuzungusha ingini. Sasa angalia mshale wa RPM.

Mshale kwenye gari hii unapata taarifa kutoka kwenye ignaita, haujui kama ingini inazunguka kweli, unajua tu kama ignaita inafyatua. Kwa hiyo kama ingini inazungushwa na matairi na mshale unashuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, ujue upande wa kuchoma plagi bado unapewa amri, kilichokatika kinaelekea kuwa mafuta. Kama mshale umeanguka puu mpaka sifuri wakati gari bado inakwenda, ujue amri imekatika: sensa ya kamshafti, ignaita, waya zake, au umeme unaozilisha.

Halafu shusha jicho kwenye taa za dashibodi. Ingini ikishaacha kuzunguka ufunguo ukiwa oni, taa ya betri inatakiwa iwake. Ikiwaka, umeme wa swichi upo. Kama dashibodi nzima ni giza, au ilikatika ikarudi ikakatika, basi wewe una tatizo la umeme mkubwa, betri, fyuzi kuu, ethi, swichi ya ufunguo, au ile dhambi nyingine ntakayoisema sasa hivi.

Breki zitakuwa na nguvu kwa kukanyaga mara moja mbili baada ya ingini kufa, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe, kwa hiyo usipampu pampu, kanyaga mara moja uishike. Na majaribio haya usiyafanye Morogoro Road saa ya malori, tafuta barabara ya mtaa asubuhi ya Jumapili.

Kama unajua huwezi kuangalia vyote kwa pamoja, na ukweli hakuna anayeweza, bandika simu irekodi video ya dashibodi muda wote unaoendesha. Mimi ndo iliniokoa, unairudia polepole nyumbani na chai.

Vitu vya bure kabla ya kutoa hela

Ile dhambi ni alamu na vifaa vya kufuatilia gari. Gari zetu nyingi zimepitia mikono mitatu minne na kila mkono umefunga alamu yake, ukitoa plastiki chini ya usukani unakuta waya zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa solotepu nyeusi iliyokwisha kuyeyuka, na katikati kuna karilei kadogo ka kukata umeme wa pampu au wa ignaita ili mwizi asiende mbali. Hako karilei kakichoka, mwizi ni wewe. Fuata waya zote ambazo hazikutoka kiwandani, kama alamu haifanyi kazi itoe kabisa na waya za asili ziunganishwe upya kwa kuchomelewa na risasi. Kama kifaa ni cha bima au cha mkopo waite wenyewe wakitoe au wakipitie, usikate kimya kimya.

Swichi ya ufunguo: ingini ikiwa sailensi, chezesha ufunguo juu chini kulia kushoto bila kuuzungusha. Ikikohoa au kuzima, umempata. Watu wanaoning'iniza funguo za nyumba, za duka na za kwa mama mkwe kwenye ufunguo mmoja wa gari ndo wanaoua hizi swichi.

Betri ya Roadster iko nyuma kwenye buti, sio mbele, kwa hiyo kuna waya mrefu unaotoka nyuma mpaka mbele na kuna ethi ya buti ambayo huwa inasahaulika. Pima betri gari ikiwa imelala, itoe kama volti 12.6, ingini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5. Kisha weka mita ya volti mguu mmoja kwenye tominali hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha ingini, ingini ikiwaka na taa zote oni. Ikizidi volti 0.2 ethi yako ni chafu, fungua kila bolti ya ethi utakayoiona, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga. Hii peke yake imeponya magari mengi kuliko koili zote za Kariakoo.

Soma kodi za makosa kabla ya kutoa betri

Mafundi wetu wana tabia ya kutoa betri kwanza "ili i-riseti", hapo umefuta ushahidi. Gari hii haina ile soketi ya kuchomeka mashine ya kisasa, ina kaboksi keusi ndani ya boneti kameandikwa DIAGNOSIS kwenye kifuniko, ndani kuna pini na kila pini ina herufi zake. Unaunganisha TEN na GND kwa kipande cha waya, ufunguo oni, na kama dashibodi yako ina taa ya ingini itakonyeza kodi. Kama haina hiyo taa, basi unachomeka kataa ka LED ka volti 12 kati ya +B na FEN, upande chanya kwenye +B, kanakonyeza hako. Kukonyeza kurefu ni makumi, kufupi ni mamoja.

Ukiona 02 au 03, ni sensa ya kamshafti. 08 ni mita ya kupima hewa inayoingia ingini. 09 ni sensa ya joto la maji. 34 ni valvu ya sailensi. Ukikosa kodi yoyote usijidanganye kwamba gari ni nzima, kontroo boksi (kompyuta ya ingini) ya mwaka 1991 ni mzee wa watu, kitu kikikatika kwa nusu sekunde kikarudi inaweza isiandike chochote. Yangu haikuandika hata herufi.

Mtego wa taa tatu

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Nunua taa tatu ndogo za LED za volti 12, zile za kuonyesha kwenye dashibodi, za rangi tofauti. Ntaziita nyekundu, kijani na njano. Kila moja unaipa waya mrefu wa kufika kiti cha dereva na kafyuzi kadogo ka ampea moja karibu kabisa na pale unapochukua umeme, hako kafyuzi usikaruke maana waya ukichubuka ukagusa bodi unaweza ukachoma gari kwa ajili ya kutafuta ugonjwa wa kuzima.

Nyekundu inachukua umeme pale unapotoka rilei kuu, iliyoko ndani ya boksi la fyuzi kwenye boneti. Hiyo rilei ndo inalisha kontroo boksi na nozo zinazopuliza mafuta. Kijani inachukua kwenye waya unaokwenda pampu ya mafuta. Njano inachukua kwenye umeme wa koili unaotoka kwenye swichi. Ukiwa huna uhakika wa waya pima kwa mita kwanza, usiamini rangi ulizosoma mahali, gari imeshashikwa na wengi. Miguu yote hasi peleka kwenye ethi nzuri. Zibandike taa juu ya dashibodi ndani ya fremu ile ile ya simu inayorekodi, halafu endesha maisha yako kama kawaida, nenda kazini, nenda sokoni, subiri.

Siku ikizima, rudia video. Zikizimika zote tatu kwa pamoja, ni swichi ya ufunguo, fyuzi kuu, betri au alamu. Ikitangulia nyekundu kuzimika, ni rilei kuu au soketi yake, rilei ya zamani huchoka ndani, ikipata moto inaweza kuachia ikipoa inashika tena. Rilei ni bei ya chakula cha mchana, weka mpya.

Ikitangulia kijani na nyingine zinawaka, na mshale unashuka taratibu, pampu imenyimwa umeme. Zikibaki zote na mshale ukashuka taratibu na gari, pampu inapewa umeme ila mafuta hayafiki, au hewa imeharibika. Zikibaki zote na mshale ukaanguka sifuri, nenda moja kwa moja kwenye sensa ya kamshafti na ignaita.

Angalizo moja, usiangalie taa baada ya gari kusimama kabisa, maana ingini ikishasimama kijani itazimika tu hata kama pampu haina kosa. Unachotafuta ni nani katangulia.

Kama ni mafuta

Kwenye 1.6 kuna ujanja wa Mazda ambao unawachanganya mafundi. Ile mita ya hewa baada ya boksi la chujio la hewa ndani ina kijimlango kinachosukumwa na upepo unaoingia ingini, na kijimlango hicho kikifunguka kinagusisha kiswichi, kiswichi ndo kinaiambia rilei ya pampu iliyoko chini ya dashibodi "ingini inavuta hewa, endelea kutoa mafuta". Hewa ikikata, pampu inakata. Wakati unapiga stata pampu inapewa umeme kwa njia nyingine. Kwa hiyo dalili ya kiswichi kibovu ni tamu kabisa: gari inawaka ukiwa unapiga stata, ukiachia ufunguo inakufa hapo hapo. Ukiona hivo wala usimguse pampu. (Wenye 1.8 ya kuanzia 1993 hamna hicho kijimlango, mita yenu ni ya waya wa moto.)

Kuthibitisha, rudi kwenye kale kaboksi ka DIAGNOSIS, unganisha F/P na GND. Ufunguo ukiwa oni pampu itafanya kazi muda wote bila kusikiliza kijimlango, utaisikia inavuma nyuma ukifungua kifuniko cha tenki. Endesha hivo siku kadhaa. Gari ikiacha kuzima, tatizo ni kiswichi au waya wake, ikiendelea kuzima umekitoa kwenye orodha. Ila hiyo ni kwa kupima tu, ukiiacha hivo siku ukigonga pampu itaendelea kumwaga petroli ingini ikiwa imekufa, sijui kama nahitaji kueleza zaidi.

Pampu ikiwa inapata umeme na mafuta hayafiki, funga geji ya presha. Mpira wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta) ukiwa umeuchomoa utafute kama 38 mpaka 46 psi, ukiuchomeka gari ikiwa sailensi inashuka mpaka 30 mpaka 38. Kabla ya kufungua mpira wa mafuta chomoa soketi ya rilei ya pampu, washa ingini ijifie yenyewe, ili usijimwagie petroli usoni. Presha ikiwa nzuri ya baridi na kushuka gari ikipata moto, pampu imechoka au chujio limeziba. Chujio la gari hii liko chini kwa nyuma karibu na tenki limefichwa na kifuniko, sasa kwa kuwa halionekani kuna magari hayajawahi kubadilishiwa tangu yatoke kiwandani Hiroshima.

Na ikizima, kabla ya yote, fungua kifuniko cha tenki usikilize. Ukisikia inavuta pumzi kwa nguvu fyuuu na gari ikawaka, njia ya kupumulia tenki imeziba. Kisha chota mafuta kwenye chupa angavu uache yatulie usiku, asubuhi ukiona mstari chini una maji, na hapo badilisha na kituo unachojazia.

Kama ni moto wa plagi

Video yangu ilionyesha hivi: dakika ya 26 ya safari, taa zote tatu zinawaka, mshale ukaanguka kama umekatwa kamba huku gari bado iko hamsini. Nilikaa naangalia ile sekunde moja mara kumi. Pampu mpya, plagi mpya, koili, vyote havikuhusika.

Wanaobaki ni wachache. Sensa ya kamshafti ni kale kadude ka mviringo nyuma kabisa ya kichwa cha ingini, karibu na ukuta wa kabini, ndo kanaiambia kontroo boksi ingini iko digrii ngapi. Ikinyamaza, hakuna cheche na hakuna nozo. Kwenye 1.6 ignaita iko peke yake mbali na koili, kwenye 1.8 imo ndani ya koili.

Jaribio la kwanza ni kutikisa. Ingini sailensi, shika waya wa sensa sentimita chache kutoka kwenye soketi, vuta kidogo, kunja, sukuma. Angalia mikono isiingie kwenye feni na usishike waya za plagi, zinapiga. Fanya hivo kwa kila soketi, sensa, ignaita, mita ya hewa, rilei.

Jaribio la pili ni joto na baridi. Azima drai ya nywele, pasha ignaita peke yake dakika tano gari ikiwa sailensi, ikizima umempata. Ikikataa pasha sensa. Na kinyume chake, ukiwa njiani imeshazima, uwe na chupa ya maji iliyoganda barafu, ifute iwe kavu, ibandike kwenye ignaita dakika mbili tatu halafu piga stata. Ikiwaka mara moja wakati siku zote inachukua robo saa, barafu imekujibu. Usimwage maji.

Jaribio la tatu, kujua kama sensa inaongea: weka alama ya wanja kati ya sensa na kichwa cha ingini, hii alama ni lazima maana kuzungusha sensa ndo kuzungusha taiming, fungua bolti yake, itoe ikiwa bado imechomekwa waya, ufunguo oni, zungusha kiungo chake kwa vidole. Nozo zitalia tiki tiki tiki. Zungusha kidogo tu kwa sababu kila tiki ni petroli inaingia kwenye silinda. Zikilia leo na kesho hazilii, hapo ndo pabovu.

Mimi sikufika jaribio la pili. Niliposhika waya wa sensa na kuukunja kidogo kulia, ingini ikafa. Nikawasha, nikakunja, ikafa. Nilichana ile tepu ya kiwandani kwa wembe, ndani kila kitu kilikuwa kimelowa oili nyeusi, kwa sababu oringi ya sensa ilikuwa imekauka na kuvuja sijui miaka mingapi, na oili imeufanya mpira wa waya kuwa mgumu kama mkate wa juzi. Waya mmoja ulikuwa umepasuka mpira wake, shaba imekuwa ya kijani, na kilichokuwa kinashikilia ni nyuzi tatu. Nilizihesabu. Ingini ikipata moto waya unalegea kidogo nyuzi zinaachana, ikipoa zinagusana.

Matibabu: kata waya mpaka ufike shaba inayong'aa, ongeza kipande cha waya wa unene ule ule, chomelea kwa risasi, vika kale kampira kanakosinyaa kakipata moto, usisokote na solotepu tafadhali. Badilisha oringi, la sivyo mwakani unarudi hapo hapo. Ukirudisha sensa fuata alama ya wanja, halafu pima taiming kwa taa yake: unganisha TEN na GND, sailensi 850 kwenye RPM, alama ya puli isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. TEN usiisahau, bila hiyo kontroo boksi inajichezea yenyewe na utapima uongo.

Kama ukipima taiming alama inacheza cheza na puli inayumba ukiitazama kwa pembeni, simama. Roadster za mwanzo mwanzo, za 1989 mpaka 1991, zina pua fupi ya kreki (mhimili mkuu wa ingini), na kifunguo cha puli kikila pale, taiming inahama, gari inakosa nguvu na kumisi. Hiyo sio kazi ya jioni moja, usiendelee kuiendesha.

Ile ya kuzima kwenye foleni

Hii haina mchawi, ni uchafu na hewa ya wizi. Gari inakwenda vizuri, unakanyaga klachi kusimama, mshale unashuka unapita 850 haurudi.

Anza na ule mpira mkubwa wenye mikunjo kati ya mita ya hewa na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Utoe kabisa, uukunje kwenye mwanga, nyufa zinajificha ndani ya mikunjo upande wa chini na ikiwa imefungwa huzioni. Hewa inayoingia baada ya mita haihesabiwi, mchanganyiko unakuwa hafifu. Jaribio la haraka: ingini sailensi fungua kifuniko cha oili, kwenye 1.6 nzima sailensi lazima iharibike. Isipobadilika kabisa ujue kuna hewa nyingi tayari inaingia kwingine. Kwa sababu hiyo hiyo hakikisha kijiti cha oili kimekaa sawasawa.

Halafu safisha throto na valvu ya sailensi chini yake kwa spreya, inajaa masizi. Kisha swichi ya throto: kwenye 1.6 ya gia ya mkono ni swichi tu, na kazi yake mojawapo ni kusema "mguu umeachiwa". Ikilegea kontroo boksi haijui kama umeachia, haikuokoi. Pima kwa mita, throto ikifungwa kabisa pini zake mbili za sailensi ziwasiliane, ukifungua kidogo ziachane. Mwisho sensa ya joto la maji, ya baridi ya digrii 20 inasoma kilo-ohm 2.2 mpaka 2.7, kwenye 80 inashuka mpaka kama 0.3. Ikibaki juu ingini ya moto inamwagiwa mafuta ya asubuhi, inazima na inanuka.

Baada ya yote hayo ndo unagusa skrubu ya sailensi, ukiwa umeunganisha TEN na GND, sio kabla. Kuna mafundi wanaanza na skrubu, wanapandisha sailensi mpaka 1200 wanakwambia gari imepona.

Kuthibitisha

Taa tatu usizitoe siku ya kwanza. Kama ilikuwa inazima kila safari tatu, endesha angalau safari kumi kwa mazingira yale yale, jua lile lile, tenki likiwa robo. Kama ulibadilisha vitu viwili siku moja hutojua kipi kilikuwa, kwa hiyo kitu kimoja kwa wakati mmoja hata kama inauma. Vitu vya zamani ulivyovitoa na havikuwa na kosa viandike "nzima" uviweke buti, pampu yangu ya kwanza ipo mpaka leo imefungwa gazeti.

Yangu nilienda nayo Chalinze na kurudi, saa nane mchana, nikiwa na chupa ya barafu kwenye kiti cha abiria ambayo ilifika nyumbani imeyeyuka haijafunguliwa. Taa nilizitoa wiki ya tatu. Njano nimeiacha.